Ngoja Nimuulize Mzee

Sisi watu wa Hasamba tukisema "kwa Mama Mwalimu" hatuna maana ya shuleni. Shule alishastaafu. Tuna maana ya ile nyumba ya matofali ya kuchoma iliyo nyuma ya mibuni, ambayo sebuleni, pale wenzake walipoweka televisheni, yeye ameweka kompyuta. Ameifunika kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, utadhani bibi harusi. Na huruhusiwi kukifunua kabla hujanawa mikono. Si utani. Ndoo ya kunawia iko mlangoni, na hata mzee wa kanisa aliwahi kurudishwa nje akiwa na Biblia kwapani.

"Mwalimu, mimi nimenawa nyumbani."

"Na njiani umeshikana mikono na watu wangapi?"

Mzee wa watu akarudi akanawa.

Alinifundisha darasa la tatu. Mimi na shule hatukufika mbali. Kidato cha nne matokeo yalikuja kama yalivyokuja, na sasa nauza vitenge Tunduma huku nikingoja siku nitakayofungua studio yangu ya kurekodi kwaya. Wengi nikiwaambia hivyo wanacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Studio inataka umeme usiokatika. Hapo umeshapafikiria?" Basi, kwa Mama Mwalimu huko ndiko kutiwa moyo. Ukitaka makofi nenda kwa mwingine.

Darasani alikuwa na sheria moja ambayo mpaka leo tukikutana tuliosoma kwake tunaikumbushana. Hutoki kwenda nyumbani mpaka umemuuliza swali. Alisimama mlangoni, ameegemea kizingiti, tunapita mmoja mmoja. Asiye na swali anabaki kufagia. Kwa hiyo tuliuliza chochote. Kuna mwenzetu aliuliza kwa nini mbuzi jike naye ana ndevu. Mama Mwalimu hakukasirika wala hakutabasamu. Alisema, "Sijui. Kesho nitakujibu." Na kesho yake alikuja na jibu, refu, tukachelewa hesabu.

Ndiyo maana lilinishangaza sana jambo nililokuja kuligundua ukubwani: kwamba yeye mwenyewe hakuwa anamuuliza mtu yeyote kitu. Mtu aliye hai, namaanisha.

Mumewe tulimwita Mzee tu. Zamani alikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo mpakani, na huko ndiko alikojifunza kompyuta, akaizoea kama wengine wanavyozoea bao. Alipoacha kazi alirudi nayo nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa akichapa ratiba za mazishi, kadi za harusi, mitihani ya majaribio ya shule, maneno ya nyimbo za kwaya. Mama Mwalimu alikuwa akipita nyuma yake na ufagio akisema ile ni meza ya kulia chakula, si ofisi.

Halafu Mzee akaanza kuumwa. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa haraka. Akawa anashinda mbele ya kompyuta amejifunika blanketi, anaongea peke yake. Mama Mwalimu alidhani ni homa. Kumbe anarekodi. Alikuwa anamrekodia mkewe namna ya kuitumia ile kompyuta atakapokuwa hayupo. Kila tatizo na faili lake, na kila faili kalipa jina: Karatasi Ikinasa. Maandishi Yakipotea. Ikiganda. Ukisahau Neno la Siri. Alimrekodia kama mtu anayepanga kuni za masika.

Mara ya kwanza kuzisikia nilikuwa nimepeleka maneno ya nyimbo za kwaya yetu yachapwe. Nilimkuta mle ndani mzee wa kanisa, yule yule wa kunawa, anasubiri ratiba ya mazishi, na msiba wenyewe mchana huo huo. Printa ikameza karatasi nusu, ikagoma. Mzee wa kanisa akainuka kuivuta.

"Kaa," akasema Mama Mwalimu. "Ngoja nimuulize Mzee."

Akabonyeza. Kikatoka kikohozi kwanza. Halafu sauti, ile ile, na lafudhi yetu ya milimani iliyojaa tele:

"Mama. Karatasi ikinasa, usivute kwa hasira. Nakujua wewe. Zima printa kwanza. Umezima? Haya. Sasa fungua mfuniko wa nyuma, vuta taratibu, kwa mikono miwili, kama unamtoa kuku kwenye mayai."

Mzee wa kanisa alikuwa ameshasimama tena, safari hii kuelekea mlangoni. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "huyu si tulimzika?"

"Mlimzika nyie," akajibu, mikono miwili ndani ya printa. "Mimi bado nina maswali."

Karatasi ikatoka nzima. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Mama Mwalimu akanitazama akanipa kipande cha muhogo, nadhani ili ninyamaze.

Maneno yalikuwepo, siyafichi. Baadhi ya akina mama wa kanisani walisema si vizuri kumwamsha marehemu kwa ajili ya karatasi. Mmoja alimwendea kabisa, akamwambia, "Dada, mwache mwenzio apumzike." Alimjibu kwamba enzi za uhai wake Mzee hakuwahi kupumzika akisikia mtu anavuta karatasi kwa nguvu, na hakuna aliyemwonea huruma wakati huo. Hata hivyo nilikuja kuona kwamba alikuwa mwangalifu. Hakuzisikiliza ovyo. Hakumfungulia mtu ili afurahi. Lazima kuwe na tatizo la kweli. Printa isiponasa, Mzee haulizwi. Niliwahi kumwomba, kwa ajili ya ndoto zangu za studio, anifungulie tu nisikie jinsi sauti ilivyorekodiwa. Alikataa kavu. "Una tatizo gani?" Sina, Mama. "Basi utakapokuwa nalo."

Lakini, na hapa ndipo nilipompendea, alikuwa anavizia matatizo. Nilimfuma siku moja anaweka karatasi iliyokunjwa kona kwenye printa, polepole, anachungulia kama itanasa. Iliponasa alifyatuka kwa furaha ya mtoto, akakohoa kujirudisha utu uzima, akaniambia, "Umeona? Imenasa. Tufanyeje sasa, itabidi tumuulize."

Faili alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Ikiganda. Katikati ya maelezo, kwa mbali, inasikika sauti ya mwanamke: "Chai inapoa!" Mzee anajibu, "Nakuja," halafu anaendelea kueleza, halafu sauti ile inarudi karibu zaidi, "Chai inapoa nimesema, unaongea na nani?" naye anasema, "Naongea na wewe." "Mimi niko huku!" "Najua. Naongea na wewe wa baadaye." Mama Mwalimu kila lilipofika hapo alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Na chai ilipoa kweli."

Alikuwa mtu wa ajabu hivyo. Mkali kiasi cha kusahihisha herufi kubwa katika ratiba ya mazishi huku wafiwa wamesimama wanalia, na papo hapo mtu wa kuiambia kompyuta "pole" ikichelewa kuwaka. Alitudai sisi maswali, na mtu akimwambia, "Mama, mimi najua kompyuta, nikusaidie?" alikuwa anageuka jiwe. "Vijana mnabonyeza kabla hamjasoma," alisema. Mimi nadhani haikuwa dharau. Nadhani kila aliyemsaidia alikuwa anamnyang'anya sababu ya kumfungua Mzee.

Masika haya yaliyopita umeme wetu ulikuwa wa kuja na kuondoka. Siku moja ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka kama zinataka kupasuka, na kompyuta ya Mama Mwalimu ikatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikasimama hapo. Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko. Alikuja mwenyewe kwetu, kwa miguu, kwenye matope, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama yangu alidhani kuna msiba.

"Binti yupo?" akauliza. Nilipotoka akaniambia, "Haiwaki. Na faili la Isipowaka limo ndani yake."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikashindwa.

Tulianzia Vwawa. Kulikuwa na kijana mmoja mpole tu, mwenye meza yake barabarani. Aliiwasha, akasoma, akasema bila hata kukaa, "Hii dawa yake ni kupiga windo upya, Mama, kuiwekea Windows mpya. Kesho asubuhi unaichukua, mpya kabisa."

"Na Mzee?"

"Mzee gani?"

"Aliyemo ndani."

Kijana akanitazama mimi. Nikamweleza. Akajikuna. "Aah. Hapo sasa. Ukipiga windo, vilivyokuwemo vinafutika, Mama. Lakini itakuwa na spidi!"

Mama Mwalimu aliikumbatia kompyuta pale pale mezani, kabla hata waya haujachomolewa. Wa pili alisema hivyo hivyo. Mpwa wake aliyesoma chuo, kwa simu, hivyo hivyo. Nilianza kuona kwamba kwa hawa wote kompyuta ni nyumba iliyoingia panya, na dawa yao ni kuichoma moto.

Tukarudi kwake. Nikamuuliza kama Mzee hakuwahi kuacha nakala. Uso ukamng'aa. "Aliacha! Kwenye flashi. Aliniambia, hii iweke pale unapoweka kitu usichotaka kiharibike."

"Na umeiweka wapi, Mama?"

Akanishika mkono akanipeleka jikoni, akanyoosha kidole juu. Juu ya mafiga kuna uchaga, mweusi wa moshi wa miaka yote, na kwenye uchaga vibuyu vyake vya mbegu. Ndivyo wanavyohifadhi mbegu huku kwetu: moshi unapanda, dumuzi hakai. Mama Mwalimu mbegu zake zinasifika mpaka Mbebe. Haijawahi kuonekana punje yenye tundu. Alipanda kwenye kigoda, akateremsha kibuyu cha mahindi ya kienyeji, akatumbukiza mkono, akatoa flashi.

Plastiki ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililopita motoni. Ilinuka moshi. Ilikuwa nyeusi tii.

Aliiona nilivyoiona. Akaiweka kiganjani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaifuta tena. "Mbegu zangu hazijawahi kuharibika hapo," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Kesho yake tukaenda naye Tunduma. Kompyuta aliifunga kwenye kitenge, akaipakata njia nzima. Fundi ninayemjua mimi yuko jirani na banda letu, wateja wake nusu ni Wazambia, kwa hiyo amezoea kuwaita akina mama wote wa heshima "Bamayo". Alinyanyuka akampa kiti chake. Sikumwacha aseme habari za windo. Nilimweleza yote kwanza, Mzee, chai, kibuyu.

Flashi aliifungua, akaipulizia, akaichomeka huku na huku, kisha akaiweka pembeni taratibu. Diski aliitoa ndani ya kompyuta, akaiunga kwenye mashine yake, akainamisha sikio. Ilikuwa inagonga. Tik, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kusikika.

"Bamayo, hii huwa mnaizimaje?"

"Haizimwi," akasema. "Inakaa hivyo hivyo."

"Na umeme ukikatika?"

"Inazimika. Ukirudi, inawaka."

Fundi akavuta pumzi. "Ndicho kilichoiumiza. Kukatika ghafla, kila mara. Ilitakiwa mtu aizime yeye mwenyewe, vizuri, kabla."

Mama Mwalimu akakikunja kile kitenge mapajani. Nje malori yalikuwa yanapiga honi kwenye foleni, na mtu anauza mahindi ya kuchemsha.

"Sasa nisikilize, Bamayo," fundi akaendelea. "Imekubali kuamka mara moja, ikalala. Nitaijaribu tena. Ikiamka, sijui itakaa muda gani. Sitaweza kubeba zote kwa mpigo, inasoma kwa shida. Nitachukua moja kwanza. Nikiipata hiyo, ndipo nijaribu ya pili. Kwa hiyo niambie ya kwanza ni ipi."

Nikamnong'oneza, "Mama, ile ya chai. Sema Ikiganda."

Diski ikaamka. Majina yakajipanga kwenye kioo, yote, na yeye akayasoma kwa midomo bila sauti, kama alivyokuwa akisoma mahudhurio. Kidole chake kikapita Karatasi Ikinasa. Kikapita Ikiganda. Nikamvuta nguo. Kikaenda mpaka chini kabisa, kwenye la mwisho.

"Hili," akasema.

Liliandikwa: Namna ya Kuzima.

"Mama!" nikasema. "Ya chai je?"

"Ile ninayo." Akajigonga kifuani, kisha kichwani. "Zile zote ninazo, nazijua mpaka vikohozi. Hili sijawahi kumuuliza."

"Haraka, Bamayo," fundi akasema, na akabonyeza.

Ule mstari wa kijani ulitembea, ukasimama, ukatembea. Mama Mwalimu aliushika mkono wangu kwa kucha. Ukafika mwisho. Fundi akasema "Tayari!" na akakimbilia la pili, lile la chai, nilimwona anakimbilia lile. Diski ikagonga, tik, tik, halafu ikatoa mlio mrefu mwembamba, na majina yote yakaondoka kwenye kioo kwa pamoja. Fundi alijaribu mpaka jioni. Alijaribu kweli. Aliposimama alivua kofia yake, kama watu wanavyofanya wakiingia kwenye msiba, akasema, "Pole sana, Bamayo. Mengine yamekwenda."

"Umefanya kazi," Mama Mwalimu akamwambia. Nilimsikia sauti ikipasuka kidogo katikati, akaiunga. "Hujabonyeza kabla ya kusoma."

Fundi alitaka kumchezea lile moja ahakikishe. Alikataa. Si hapa, Mama Mwalimu alisema, penye honi.

Nilimwona tena juzi, nilipokwenda nyumbani kusaidia kuchuma kahawa. Kompyuta ipo pale pale, na kitambaa chake, na ndoo mlangoni. Diski mpya, windo jipya, spidi kama alivyoahidi kijana wa Vwawa. Nilimkuta mzee wa kanisa anasubiri ratiba, msiba mwingine, na printa imemeza karatasi. Nikamtazama Mama Mwalimu. Nilikuwa naogopa atakachofanya.

"Usivute kwa hasira," alimwambia mzee wa kanisa. "Nakujua wewe. Zima printa kwanza. Umezima? Haya." Na katikati akakohoa, kile kikohozi. Mzee wa kanisa akatoa karatasi kwa mikono miwili, na alipoondoka alisahau kuchukua ratiba yake, ikabidi nimkimbize nayo.

Niliporudi nikaketi naye, tukanywa chai. Nikauliza, kwa kuwa kwake bila kuuliza hutoki: "Mama, lile faili. Mzee alisemaje?"

"Sijalisikiliza."

"Tangu siku ile?"

Akaipeleka katikati ya meza flashi mpya, ile aliyowekewa na fundi lile faili. Alikuwa nayo mfukoni mwa sweta, imefungwa kwenye kitambaa. Kibuyuni hairudi, alishaelewa hilo. Lakini hata hii ilikuwa inanuka moshi kidogo, sijui ni mikono yake.

"Nikilisikiliza hili," akasema, "atakuwa hana jipya la kuniambia."

Nilifikiria studio yangu. Nilifikiria jinsi ninavyotaka kurekodi watu, wengi, waimbe mpaka wachoke, na sikuwahi kufikiria mtu atakayebaki na sauti moja ambayo anaogopa kuimaliza. Nje mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa milimani, na taa ikapepesa mara moja, ikatulia. Umeme wetu, tunaujua. Nikaitazama kompyuta inavyowaka pale chini ya kitambaa kilichokunjwa nusu.

"Mvua inakuja, Mama. Utakatika sasa hivi. Nikuzimie?"

Alirudisha flashi mfukoni, akakivuta kitambaa vizuri mpaka maua yakakaa sawa pembeni, mwanga ukabaki unapenya kwenye vitundu vya uzi.

"Acha," akasema. "Kwenye kuzima bado sijafika."